Je, wajua kwa nini dereva aliyepata nafuu baada ya kiharusi hapimwi kwa mtihani wa kawaida wa leseni?

Mtihani wa kawaida wa udereva ulitungwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajawa dereva. Mtahini huketi pembeni mwa mwanafunzi akiangalia kama ameshajua kuondoa gari bila kulizima, kubadilisha gia, kuwasha indiketa kabla ya kukata kona na kusimama panapostahili. Kila kosa hulitilia alama bila kujishughulisha sana na chanzo chake, kwa kuwa chanzo huwa ni kile kile: mwanafunzi hajazoea. Mtu aliyeendesha gari kwa miaka 30 kisha akapatwa na kiharusi, akaumia ubongo katika ajali, au akaanza kusumbuliwa na Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mitetemeko na ukakamavu wa mwili, yuko katika hali nyingine kabisa. Viungo vyake vinaikumbuka kazi ya usukani vizuri mno, na huenda akaupita mtihani huo asubuhi tulivu katika barabara anayoijua, ilhali kuna upungufu ambao hautajitokeza mpaka barabara itakapomletea jambo asilolitarajia.

Ndiyo maana katika nchi ambazo huduma hii imekomaa, kama vile Australia, Uingereza na Marekani, dereva wa namna hiyo huweza kupelekwa kwa mtaalamu wa tiba kazi. Hii ni taaluma ya afya inayoshughulika na uwezo wa mtu kuzitenda shughuli za maisha yake baada ya kuugua au kuumia: kuoga, kuvaa, kupika, kurudi kazini. Kuendesha gari ni mojawapo ya shughuli hizo, ila ni ile ambayo kosa lake huweza kumgharimu mtu asiyehusika. Mtaalamu aliyepata mafunzo ya ziada ya kupima madereva huyaona makosa yale yale ambayo mtahini angeyaona, lakini yeye hulazimika kuuliza kila mara kosa limetoka wapi. Chukua gari linalosogea polepole kuelekea ukingo wa kushoto. Huenda dereva haoni upande huo. Huenda macho yanaona lakini ubongo hauushughulikii. Huenda mkono mmoja umelegea, hivyo usukani unavutwa upande mmoja. Huenda hajazoea upana wa gari analopimiwa, au hiyo ni tabia mbaya aliyokuwa nayo tangu zamani. Kwenye karatasi ya mtahini hayo yote ni kosa moja. Kwa mtaalamu wa tiba kazi ni makosa matano: baadhi yake hurekebishwa kwa masomo machache, jingine kwa kifaa, na mojawapo mara nyingi humaanisha kuachana na usukani.

Kabla ya hapo daktari huwa ameshatimiza sehemu yake. Nchini Uingereza, kwa mfano, dereva wa gari dogo haruhusiwi kuendesha kwa mwezi mmoja baada ya kiharusi, na kwa dereva wa lori kubwa au basi muda huo ni mwaka mmoja. Huko huko, macho ya dereva wa gari dogo yanatakiwa yaweze kusoma namba ya gari iliyo umbali wa mita 20, na uwanja wa kuona, yaani eneo ambalo macho huliona bila kugeuka, usipungue nyuzi 120 kwa mlalo, ilhali macho mawili yenye afya hufikia takriban nyuzi 180. Masharti ya aina hii kwa kawaida hayajadiliwi ndani ya gari. Asiyeyatimiza haokolewi na ustadi wake wa kushika usukani.

Anayevuka hatua hiyo huanza kupimwa ofisini. Huulizwa historia ya ugonjwa wake na dawa anazotumia, kwa sababu zipo dawa zinazoleta usingizi au kupunguza wepesi wa fikra. Shingo hutazamwa kama inageuka vya kutosha kuangalia nyuma. Miguu hupimwa nguvu, kasi na hisia, na hiyo ya mwisho husahaulika kwa urahisi: mwenye kisukari kilichoharibu neva za miguu anaweza kuwa na nguvu za kutosha lakini asihisi ni kanyagio lipi lililo chini ya unyayo wake. Kuhusu kasi, hesabu ni nyepesi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo mguu unaochelewa nusu sekunde zaidi kuhama kutoka kwenye mafuta hadi kwenye breki huongeza mita 7 kabla gari halijaanza kupunguza mwendo.

Kisha huja majaribio ya karatasi na kalamu. Lililo mashuhuri lina miduara 25 iliyotawanywa kwenye karatasi, na mpimwa huiunganisha kwa mstari akipokezanisha namba na herufi: 1, A, 2, B, 3, C, na kuendelea hivyo. Linaonekana kama mchezo wa watoto, na si ajabu mzee mwenye heshima zake akaudhika kupewa kazi hiyo, lakini linalopimwa ni uwezo wa kushika mifuatano miwili akilini na kuhama kutoka mmoja hadi mwingine huku macho yakiendelea kutafuta. Miongozo inayotumiwa na madaktari wa Marekani kwa madereva wazee huhesabu zaidi ya dakika 3 kuwa dalili kwamba uchunguzi wa kina unahitajika. Hata hivyo, nionavyo mimi, majaribio haya ya mezani hupewa heshima kuliko yanavyostahili pale yanapotumiwa kama hukumu. Hakuna hata moja ambalo peke yake linatosha kumtenga dereva salama na asiye salama. Mtu ambaye kiharusi kimemvurugia lugha anaweza kushindwa kabisa na jaribio la herufi na bado akaendesha vizuri, kwa kuwa barabara haimtaki ataje alfabeti. Faida yake halisi ni kumwelekeza mtaalamu wapi pa kutazama watakapoingia garini.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni tofauti kati ya kutoona upande mmoja na kutoujali. Kiharusi kinaweza kufuta nusu ya kushoto ya uwanja wa kuona katika macho yote mawili. Mwenye hali hiyo mara nyingi hutambua kwamba ana pengo, kwa sababu anagonga milango na kukosa mwanzo wa mistari anaposoma, na kwa mafunzo huweza kujizoeza kugeuza kichwa na kupeleka macho upande huo mara kwa mara. Hali ya pili hutokea zaidi kiharusi kinapopiga upande wa kulia wa ubongo. Macho yanaweza kuwa mazima, lakini ubongo umeacha kuushughulikia upande wa kushoto, kana kwamba haupo duniani. Mgonjwa hunyoa ndevu za shavu moja, huacha chakula kilicho nusu ya kushoto ya sahani na kulalamika kwamba hajashiba. Ukimuuliza kama anaona vizuri, atakujibu kwa moyo mweupe kwamba anaona kila kitu. Mtu huyu hageuzi kichwa kufidia, kwa kuwa haoni cha kufidia. Katika nchi ambako magari hupita kushoto, anachokipoteza ni waenda kwa miguu, baiskeli na magari yaliyoegeshwa; ambako hupita kulia, anachokipoteza ni magari yanayomjia. Hali hiyo ikiwa hafifu huweza kufichika ofisini, ambako kuna meza moja na karatasi moja, ikajitokeza mara tu mambo yanapokuwa mengi kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo umuhimu wa safari yenyewe unapoonekana. Gari la kupimia huwa na breki ya pili upande wa abiria, ambako huketi mwalimu wa udereva. Yeye hutoa maelekezo ya njia na kubeba dhamana ya usalama. Mtaalamu wa tiba kazi huketi kiti cha nyuma, mahali anapoweza kuitazama barabara na kufuatilia jinsi dereva anavyotumia macho, kichwa na mikono. Mgawanyo huo una maana yake, kwa kuwa asiye na jukumu la kukanyaga breki ndiye awezaye kutazama bila kukatizwa. Njia huanzia mitaa tulivu ili dereva alizoee gari asilolijua, kisha hupanda ugumu hatua kwa hatua hadi kwenye makutano yenye shughuli, kipilefti chenye njia kadhaa na barabara ya mwendo wa kasi. Safari huchukua dakika 45 au saa nzima, na urefu huo si wa bahati mbaya: uchovu unaofuata jeraha la ubongo huchelewa kufika, na jaribio la dakika 10 lingemwonyesha kila mtu akiwa katika ubora wake.

Mahali panapofichua mengi ni kona inayomlazimu dereva kukatiza mbele ya magari yanayotoka upande wa pili, tena pasipo na taa za kumwongoza. Ndani ya sekunde chache anapaswa kukadiria kasi na umbali wa gari linalokuja, kuangalia kama kuna mtu anayevuka barabara anayotaka kuiingia, na kuvumilia honi ya aliye nyuma yake bila kukurupuka. Sehemu nyingine ni ile ambapo maelekezo hukoma na dereva huambiwa arudi mwenyewe walikoanzia. Mtu mwenye ugonjwa wa kusahau ulio katika hatua za mwanzo anaweza kuwa ameendesha kwa ulaini mpaka hapo, kwa sababu kuna mtu aliyekuwa akimfikiria njia. Akiachiwa, gari huanza kusitasita, indiketa husahaulika, na hata ile njia aliyokuwa akiishika vizuri huanza kumponyoka.

Mtaalamu hatishwi na kila kosa. Dereva mkongwe anayeshika usukani kwa mkono mmoja angepoteza alama kwa mtahini wa leseni, lakini hilo halina uhusiano na kiharusi chake. Asiye na dosari yoyote ya ufundi, lakini akasimama kwenye taa ya kijani mpaka aambiwe aondoke, hutia wasiwasi zaidi. Hutazamwa pia kinachofuata baada ya kukosolewa: anayeambiwa kwamba hakuangalia kioo, akarekebisha na kuendelea kuangalia hadi mwisho, ameonyesha kwamba bado anaweza kujifunza. Pale mwalimu anapolazimika kukanyaga breki, kosa huwa na uzito wa aina yake.

Mwaka 1985 mtafiti wa Uholanzi, John Michon, aliigawa kazi ya udereva katika ngazi tatu: ya chini ni kulimudu gari, ya kati ni kuamua namna ya kwenda na magari mengine, na ya juu ni kupanga kama utasafiri, lini na kwa njia ipi. Ngazi ya chini ndiyo iliyozoeleka zaidi na kwa hiyo ndiyo inayomdanganya dereva, na familia yake vilevile, kwamba hakuna kilichoharibika. Ningemwamini zaidi mwenye mkono dhaifu anayejua udhaifu wake na kukataa kuendesha usiku kuliko mwenye mwili imara asiyejua kwamba uamuzi wake umeyumba.

Udhaifu wa mwili, kwa kweli, ndio ulio rahisi kuutafutia dawa. Aliyepooza mguu wa kulia huweza kupewa gari la otomatiki lenye kanyagio la mafuta lililohamishiwa kushoto, mradi kanyagio la awali lizibwe lisije likagongwa kwa bahati mbaya. Aliyebaki na mkono mmoja hufungiwa kishikio kinachozunguka juu ya usukani, na asiye na miguu ya kutumia huendesha kwa vidhibiti vya mkono. Kila kifaa huhitaji masomo kabla ya jaribio la mwisho. Baada ya hapo mtaalamu huandika ripoti yenye pendekezo: aendeshe bila sharti, aendeshe kwa masharti kama vile mchana tu au ndani ya umbali fulani kutoka nyumbani, asome kisha apimwe tena, au asiendeshe. Yeye hupendekeza tu. Leseni hubaki mikononi mwa mamlaka inayoitoa.

Kwa maradhi yanayozidi kusonga mbele, pendekezo zuri huwa la muda, na dereva hurudi kupimwa baada ya miezi kadhaa au mwaka. Kwa kiharusi mambo yanaweza kwenda kinyume, kwa sababu ubongo huendelea kujirekebisha kwa miezi mingi. Aliyekataliwa mara ya kwanza anaweza kupimwa upya, na ripoti iliyoandikwa vizuri humweleza ni upungufu upi uliomzuia, ili hata muda wa kusubiri autumie kwa mazoezi yanayolenga hapo.