Karamu ya Burns haihitaji ukumbi

Wengi huamini kwamba karamu ya Burns, inayofanywa Scotland kila tarehe 25 Januari kukumbuka kuzaliwa kwa mshairi Robert Burns, haijakamilika bila ukumbi, mpiga zumari na wanaume waliovaa kilti, ile sketi ya kitamaduni ya Scotland. Sivyo. Karamu ya kwanza, mwaka 1801, miaka mitano baada ya kifo chake, ilikuwa ya marafiki tisa tu, katika nyumba ndogo alimozaliwa kule Alloway. Walikula hagisi na kichwa cha kondoo.

Kwa hiyo meza ya jikoni inatosha kabisa. Hagisi ni moyo, ini na mapafu ya kondoo, yaliyosagwa na kuchanganywa na nafaka ya oti, mafuta, vitunguu na pilipili manga, kisha kushindiliwa ndani ya tumbo la kondoo. Siku hizi nyingi huuzwa zikiwa zimeshaiva. Kazi yako ni kuipasha moto taratibu. Pembeni weka viazi na tanipu, mboga ya mzizi, vyote vimepondwa kwa siagi. Kabla ya kula, mmoja wenu asome shairi la Burns la kuisifu hagisi, kisu kikiwa mkononi. Anapoipasua, mvuke hupanda na harufu ya pilipili manga hujaa chumbani. Kwangu mimi, hapo ndipo karamu inapoanza, hata mkiwa wawili tu.