Doa jeusi si lazima liwe nyasi: kuchora ramani ya nyasi bahari na kupima ukuaji wake

Kila ninapoletewa ramani ya nyasi bahari iliyochorwa na mtu mwingine, swali langu la kwanza ni hili: maji yalikuwa na kina gani pale rangi ya kijani ilipokomea? Mara nyingi ukingo wa ile rangi si ukingo wa nyasi, bali ni mahali ambapo setilaiti ilishindwa kuiona sakafu ya bahari. Ndiyo maana makadirio ya eneo la nyasi hizi duniani yanapishana mno: rekodi zenye uhakika wa kuridhisha hufikia kilomita za mraba 160,000 hivi, ilhali makadirio yanayohesabu kila mahali ambapo hali inaziruhusu kuota yamewahi kupita milioni 1.6. Kuhusu Bahamas, utafiti uliotolewa mwaka 2022, ambao ulitumia pia kamera zilizofungwa kwenye papa, ulikadiria kuwa nchi hiyo ina angalau kilomita za mraba 66,000 za nyasi bahari.

Nyasi bahari si mwani. Ni mimea yenye mizizi, maua na mbegu, na mashina yake hutambaa chini ya mchanga, kwa hiyo mizizi na mashina hayo huhitaji kulishwa na majani yaliyo juu. Hali hiyo huifanya ihitaji mwanga mwingi kuliko mwani ulio mwingi. Wastani unaotajwa sana ni asilimia 11 ya mwanga unaofika juu ya maji, ingawa spishi hutofautiana. Katika maji safi ya tropiki kiwango hicho hupatikana hata kwenye kina cha makumi ya mita, na huko hukaa Halophila decipiens, mmea mdogo wenye majani membamba na laini ambao picha ya angani haiuoni kabisa.

Kwenye picha, uwanda wa nyasi ni doa jeusi juu ya mchanga mweupe, na baharini madoa meusi ni mengi: matumbawe, mwani, marundo ya majani yaliyokatika yakasukumwa na mkondo, hata maji yenye kina yasiyo na chochote chini yake. Tena maji hunyonya mwanga mwekundu katika mita chache za mwanzo, kisha wa kijani, huku wa buluu ukienda mbali zaidi, hivi kwamba Thalassia hemprichii ile ile, spishi mojawapo ya nyasi bahari, huwa ya kijani-kahawia kwenye kina cha mita moja na ya buluu nzito kwenye mita nane. Njia aliyoieleza mtafiti Lyzenga mwaka 1978 ingali msingi wa kazi yetu: unachagua mchanga wa aina moja katika vina mbalimbali, unaangalia jinsi rangi mbili zinavyofifia pamoja, kisha unatengeneza kipimo kimoja ambacho hakiyumbishwi na kina. Mng'ao wa jua juu ya mawimbi hupunguzwa kwa kutumia mwanga wa infraredi ya karibu, kwa sababu maji huunyonya karibu wote, na kinachobaki kung'aa humo huwa kimetoka juu ya maji.

Hata baada ya hayo yote, pikseli, yaani nukta moja ya picha, ya setilaiti ya Sentinel-2 ina upande wa mita 10, yaani mita za mraba 100 zinapewa jina moja. Basi tunashuka majini na fremu ya mraba yenye upande wa nusu mita, tunakadiria asilimia ya mchanga iliyofunikwa na nyasi, tunaandika spishi na urefu wa majani. Niliwahi kutupa data ya siku nzima kwa sababu chombo cha kuonyesha mahali nilipo (GPS) kilibaki kwenye mashua huku mimi nikichukuliwa na mkondo chini. Nusu ya vituo vyangu vya nyasi viliangukia juu ya mchanga mtupu. Tangu siku ile kifaa hukaa kwenye boya linalonifuata, na sehemu ya vituo naiweka kando bila kuitumia kuchora, ili niipime ramani kwa ushahidi ambao haijawahi kuuona.

Hapo tumepata eneo tu, na uzalishaji ni habari nyingine. Kwa Thalassia natoboa kwa sindano kitako cha kila chipukizi, mahali majani yanapotokea kwenye ala, yaani ganda linaloyakumbatia chini, kisha narudi baada ya siku kumi hivi. Jani la nje lililokwisha kukomaa hubaki na tundu lake pale pale, na machanga huwa yamelipandisha la kwao. Umbali kati ya matundu hayo ni jani jipya. Nalikata, nakwangua mwani mdogo ulioganda juu yake, nalikausha kwenye nyuzi 60 za Selsiasi hadi uzito utulie, kisha nahesabu gramu kavu kwa kila mita ya mraba kwa siku. Njia hii haipimi kinachokua chini ya mchanga, na haifai kwa Halophila, ambayo huongeza jozi mpya za majani kwenye ncha ya shina linalotambaa. Kwa hiyo shina lenyewe hufungwa alama, na jozi zikahesabiwa.

Jambo ambalo ningependa wachoraji ramani walizingatie zaidi ni malisho. Penye kasa wa kijani wengi, majani hukatwa yakabaki mafupi, na setilaiti huusoma uwanda huo kama nyasi chache au dhaifu. Ukishuka hapo na sindano unakuta matundu yamepanda upesi kwa siku zile chache, kwa sababu sehemu inayokua iko kitakoni, chini ya mdomo wa kasa, na majani yaliyobaki hayafunikani yenyewe kwa kivuli. Kwa hesabu ya kila gramu, uwanda uliolishwa unaweza kuzalisha kuliko jirani yake mrefu na mweusi, ambao majani yake mengi yamezeeka na kufunikwa na mwani. Kwa hiyo ninapokabidhi ramani, naambatanisha tabaka la pili lenye viwango vya ukuaji kwa kila kituo, na pale ambapo sikushuka naacha tabaka hilo tupu.