Mtoto Akitoka Kambini Saa Nane, Yuko kwa Nani?

Kila Agosti shule zikifungwa, matangazo hubandikwa hapa Lamu kutoka uwanja wa Mkunguni hadi Langoni: kambi ya watoto ya kutwa, kuchora, kusuka makuti, kandanda, kompyuta, kuogelea, adabu na dini. Nyingine huandaliwa na misikiti, nyingine na vikundi vya vijana, nyingine na wageni wenye nyumba Shela. Mtoto huenda saa mbili asubuhi na kurudi mchana. Sisi watu wa afya ya umma tunazipenda kambi hizi. Mtoto akishinda uwanjani na wenziwe ni bora kuliko kushinda barazani na simu mwezi mzima.

Kwanza tuondoe jambo moja dogo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Kambi inayoanza na hisabati saa mbili na kumalizia na Kiingereza saa saba ni tuisheni, hata ikiitwa jina gani. Mtoto apumzike.

Wazazi wengi wanaokuja kutuuliza kuhusu kambi huuliza chakula na jua. Ni maswali mazuri, na nitayafikia. Lakini lililo zito zaidi huulizwa na wachache: asubuhi nani anampokea mtoto wangu, na mchana anamkabidhi kwa nani?

Lamu ni mji wa watu kujuana. Mtoto akipita kichochoro cha Mkomani, bibi aliye dirishani anajua ni mjukuu wa nani, na mwenye duka anajua babake anadaiwa kiasi gani. Kujuana huku ndiko kunakotulegeza. Mtoto hutoka nyumbani na kakake wa miaka tisa, mama akaamini wamefika. Mwalimu wa kambi asipomwona, hudhani leo kabaki nyumbani, labda ana mafua. Hakuna aliyesema uongo wala aliyefanya makusudi. Kila mmoja alijua mtoto yuko kwa mwenziwe, na mtoto mwenyewe yuko gatini anajitosa majini.

Kambi inayojua kazi yake huita majina mara mbili: watoto wakifika, na kabla hawajaondoka. Asiyeonekana kufikia saa tatu, kwao hupigiwa simu. Siku ya kuandikisha, uliza hivi: mwanangu asipofika, mimi nitajua saa ngapi? Ukijibiwa "tutakupigia", usiondoke bado. Uliza ni nani hasa anayepiga, na kwa simu gani. Andikisha namba mbili, yako na ya mtu wa nyumba nyingine, maana simu ya mama huzimika chaji siku ile ile inapotafutwa.

Kwa wakati wa kutoka, toa majina mawili au matatu ya watu wanaoruhusiwa kumchukua, kwa maandishi. Akija ami ambaye hayumo katika orodha, hata kama ni ami wa kweli, mtoto asitolewe mpaka mama apigiwe. Ami atakasirika. Akasirike. Na kakake wa miaka tisa si mtu wa kukabidhiwa mtoto wa miaka sita, hasa kama njia yao inapita ukingoni mwa bahari au kwenye vichochoro ambamo punda hupita na mizigo ya mawe na mchanga. Punda aliyebebeshwa hana nafasi ya kumpisha mtu, na mtoto aliye nyuma yake yuko mahali pa teke.

Kisha kuna ile saa moja na nusu au mbili isiyokuwa ya mtu. Kambi nyingi hufunga saa nane. Chuo cha Kurani huanza baada ya Alasiri, ambayo mwezi wa Agosti hapa kwetu huingia karibu saa kumi kasoro robo. Kati ya hapo mtoto ametoka kwa mwalimu wa kambi na hajafika kwa maalimu wa chuo. Jua ni kali, watu wazima wamejilaza, na maji ya bahari yako hatua chache. Kama huwezi kuwa nyumbani wakati huo, panga na jirani kwa jina, au ongea na kambi ibaki na watoto hadi Alasiri hata kwa kuongeza ada kidogo. Ningelipia saa hizo kabla ya kulipia fulana yenye nembo ya kambi.

Bahari yenyewe inahitaji maneno zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 hivi walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Sisi wa visiwani hujiambia kwamba watoto wetu wamezaliwa majini. Wengi wanajua kuogelea, ni kweli, lakini kujua kuogelea gatini maji yakiwa shwari si kujua mkondo wa mlango wa bahari kati ya Shela na Manda maji yakitoka, wala mawimbi ya ufuo wa wazi kusi ikivuma. Na Agosti bado ni kusi.

Angalia ratiba ya kambi. Ikiwa imeandikwa "kuogelea, saa nne" kila siku kwa wiki mbili, aliyeiandika hajaiuliza bahari. Maji huchelewa kwa karibu dakika 50 kila siku. Yakiwa yamejaa saa nne Jumatatu hii, Jumatatu ijayo saa hiyo hiyo yatakuwa yamekupwa au yanakaribia. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 3, na mkondo huwa mkali zaidi. Mahali ambapo jana maji yalimfika mtoto kiunoni, leo anaweza kukosa pa kukanyaga. Mvuvi yeyote atakwambia haya bila kuangalia kitabu. Mwalimu wa kambi naye ayajue, au awe na mvuvi karibu naye.

Anayezama hapigi kelele. Mdomo uko chini ya maji au unazuka kwa nukta moja tu, mikono inasukuma maji, hawezi kumpungia mtu. Aliye kando akitazama simu hatasikia chochote. Kwa hiyo awepo mtu mzima ambaye kazi yake ni kutazama maji tu: hagawi juisi, hapigi picha, hapatanishi wagomvi. Kamba iwepo, pamoja na dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko sawasawa, la kumrushia mtu ashikilie. Anayeingia kuokoa mikono mitupu mara nyingi huzama na yule aliyemfuata. Na mtoto akitolewa majini hapumui, asining'inizwe kichwa chini wala kukandamizwa tumbo ili atapike maji. Apuliziwe pumzi papo hapo, kisha kifua kikandamizwe, huku mwingine anatafuta boti ya kumkimbiza hospitali. Uliza nani kambini amefunzwa kufanya hivyo. Kama hakuna, watoto wachore siku hiyo.

Safari ya Manda au Matondoni ni furaha kubwa, na ndipo jaketi za kuokoa maisha hutolewa chini ya benchi. Usiridhike kwamba zipo. Simama gatini utazame mtoto wa miaka saba akivalishwa jaketi la mtu mzima: limefungwa, linapendeza, na picha imepigwa. Sasa lishike mabegani ulivute juu. Likipanda mpaka masikioni, majini litapanda hivyo hivyo na mtoto atateleza chini yake. Jaketi zuri huandikwa ndani uzito linaoubeba kwa kilo, na la mtoto mdogo huwa na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Livaliwe kabla ya kukanyaga boti na livuliwe baada ya kushuka, maana kupanda na kushuka ndiko kunakoangusha watu. Nahodha akikwambia "hapo ni karibu tu", hajajibu swali lako.

Karatasi ya kuandikisha huwa na mstari mmoja wa ugonjwa, na wazazi wengi huandika "hana". Naelewa. Kuna haya, na kuna hofu mtoto asikataliwe au asichekwe. Lakini mtoto mwenye kifafa anaweza kushikwa akiwa majini, na hapo dakika moja ni nyingi. Huyu anaweza kucheza mchezo wowote wa nchi kavu, ila akiingia majini awe na mtu mzima wake peke yake, anayefikia kumshika kwa mkono. Wenye selimundu, ambayo wengi tunaiita sikoseli, si wachache Pwani. Hao wanywe maji mara kwa mara, wapumzike kabla hawajachoka, na wasikae na nguo zilizolowa upepo wa kusi ukiwapiga, kwa sababu kiu, uchovu na baridi vyote vinaweza kuamsha maumivu. Mwenye pumu abebe pampu yake kwenye mkoba, isifungiwe kabatini ofisini. Mwambie mwalimu faraghani, mwenyewe kwa mdomo wako, hata kama umeandika.

Chakula sasa. Kitu chochote cha nazi kilichofungwa kikiwa moto kwenye mkebe wa plastiki saa moja asubuhi huenda kimeanza kuchacha ifikapo saa sita. Mbaazi zibaki nyumbani. Mpe mahamri makavu, mayai ya kuchemsha yenye ganda, ndizi, chungwa, njugu kwa aliyeshazijua. Maji chupa ya lita moja, na kambi iwe na mahali pa kuijaza maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Maji ya kisima yakiwa baridi na meupe hayajawa salama kwa sababu hiyo. Akirudi na mkojo wa rangi ya chai, hakunywa ya kutosha. Jua huwa kali zaidi kati ya saa nne na saa kumi, kwa hiyo kofia ya ukingo na michezo chini ya mwembe. Mabuyu yenye rangi hatutashinda vita vyake mwaka huu.

Mbu ninawataja kwa sababu ni kambi ya mchana, na wengi hudhani chandarua kimemaliza kazi. Aliyekuwa Lamu mwaka 2004 anaikumbuka chikungunya, watu wakitembea wameinama kwa maumivu ya viungo. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba robo tatu hivi ya watu wa mji waliambukizwa. Kulikuwa na ukame, maji yakakaa muda mrefu kwenye mapipa na mabirika, na mbu anayeueneza ugonjwa huo akazaliana humo. Mbu huyu huuma mchana. Ukienda kuiona kambi, pita uani: pipa lisilo na kifuniko, matairi, madumu yaliyokatwa. Kila chombo kifunikwe, au kimwagwe na kusuguliwa kila wiki.

Kuhusu watu wazima walioko kambini, tusione haya kuuliza. Cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai kiombwe kwa kila anayekaa na watoto, awe kijana wa mtaani tunayemjua tangu mdogo au mgeni aliyekuja kujitolea kwa wiki tatu. Mwenye nia safi hatachukia. Asiwepo mtu mzima anayefungiana na mtoto mmoja chumbani, na watoto wadogo waende chooni wawili wawili. Picha za watoto zisiwekwe mtandaoni bila ruhusa yako ya maandishi. Jioni usimwulize tu "leo mmefanya nini", maana atasema "hakuna". Mwulize alikaa karibu na nani, nani alimchekesha, nani alimuudhi, kama kuna jambo aliambiwa asikwambie.

Akikueleza jambo la kuguswa au kuumizwa, msikilize bila kumkatiza, usimwoshe, nguo alizovaa usizifue, umpeleke hospitali siku hiyo hiyo; dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi hufaa tu ikianzwa ndani ya saa 72. Namba ya simu ya watoto ni 116, haina malipo na hupokewa usiku na mchana. Jambo hili lisimalizwe barazani na wazee wa pande mbili. Ni kosa la jinai, na mwenye kulifanya Lamu hii hii ana watoto wengine mbele yake.

Mwisho ni siku ya mtoto kuamka hajisikii. Mwenye homa apimwe malaria kabla ya kupewa dawa ya jirani. Anayehara abaki nyumbani mpaka zipite siku mbili kamili tangu alipohara mara ya mwisho, na apewe maji ya chumvi na sukari ya dukani, au ya nyumbani: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, visiwe vya kujaza pomoni. Kituo cha afya kitampa pia zinki ya siku 10 hadi 14, naye aimalize hata kama kuhara kumekoma. Ada ya siku alizokosa izungumzwe na wenye kambi kwa utaratibu; asipelekwe anahara eti kwa sababu wiki imeshalipiwa.