Namba 2,147,483,647 ina nini?

Chukua kibubu. Tarehe mosi tia shilingi 1, tarehe 2 tia shilingi 2, tarehe 3 shilingi 4, na kila siku maradufu ya jana. Mwezi ukiwa wa siku 31, mwisho wake kibubu kitakuwa na shilingi 2,147,483,647. Ongeza shilingi moja tu, unapata 2 kwa kipeo cha 31. Ndiyo maana namba hii huandikwa kwa kifupi 2³¹ − 1.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba ni namba tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Namba za umbo hili huitwa namba za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa aliyetoa orodha yake mwaka 1644. Si zote zilizo tasa. 2¹¹ − 1 ni 2,047, nayo ni 23 × 89. Mersenne aliitaja 31 kuwa kipeo kinachotoa namba tasa, lakini uthibitisho ulitoka kwa mwanahisabati Leonhard Euler mwaka 1772, wakati macho yake yamekwisha kufifia kabisa.

Aliwezaje? Kwa njia ya kawaida ungejaribu kuigawa kwa kila namba tasa mpaka ufike kipeuo chake cha pili, 46,340 na ushee. Hizo ni zaidi ya 4,700. Euler alionyesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 248, lazima kiache baki la 1 au 63. Kwa sharti hilo moja zinabaki takriban themanini tu, ya kwanza ikiwa 311. Zote zilishindwa kuigawa. Huo ndio uzuri wa hisabati kwangu: kujua mapema kazi ipi haina haja ya kufanywa.

Ukiizidisha kwa 2³⁰ unapata 2,305,843,008,139,952,128, namba ambayo vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vinajumlika kuwa yenyewe, kama 6 ilivyo 1 + 2 + 3.

Watu wengi huikuta kwenye kompyuta. Namba ikihifadhiwa kwa biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, moja huonyesha chanya au hasi, na 31 zinazobaki hufanya kazi kama zile siku za kibubu. Hapo ndipo kikomo. Mifumo ya zamani inayohesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 itakifikia tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, hesabu itageuka kuwa hasi, na mfumo ambao haujarekebishwa utarudi mwaka 1901.

Utasa wake hauhusiki na kikomo hicho. Kompyuta za biti 64 zinaishia kwenye 2⁶³ − 1, na hiyo inagawanyika kwa 7.