Je, wajua kwa nini redio yenye chaneli 128 hukosa ile moja unayoitaka?

Ilikuwa saa mbili usiku, umeme umekatika tangu magharibi, nami nimesimama Kibirizi, pale zinapotia nanga boti za kwenda vijiji vya kaskazini mwa Kigoma. Rafiki yangu wa Bangwe alikuwa ameniambia nikifika nimwite kwenye redio. Nikaitoa mfukoni, nikaanza kubonyeza mshale. Chaneli ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila moja ina jina nisilolijua. Nilibonyeza zaidi ya mara 40 gizani kabla sijaikuta chaneli yetu, megahezi 145.500, na nilipoikuta, mwenzangu alikuwa ameshazima redio yake akidhani sijafika.

Redio ilikuwa nzima, betri imejaa, antena imekazwa vizuri. Shida ilikuwa kwenye kumbukumbu. Nilikuwa nimepewa faili na mtu, nami nikalimwaga lote ndani ya redio bila kulikagua. Lilikuwa limejaa ripita, yaani mitambo inayopokea sauti ya redio na kuirusha tena mbali zaidi, za miji ya Ulaya ambazo hapa Kigoma sitazisikia maisha yangu yote. Nafasi 128 zilijaa, na ile moja niliyoihitaji ilifukiwa katikati.

Tangu usiku ule swali hili limekuwa likinikaa kichwani: kwa nini chombo chenye nafasi nyingi hivyo kinakuwa kigumu kukitumia kadiri unavyokijaza?

Kwanza niseme ninazungumzia redio gani. Ni zile za mawasiliano ya ridhaa, yaani watu wanaoongea hewani kwa ajili ya kujifunza na kujaribu mitambo, bila biashara. Hapa kwetu leseni yake hutolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na ishara za wito za Tanzania, yaani majina ya hewani ya wenye leseni, huanza na 5H. Redio ya mkononi ambayo wengi wanaanzia ni Baofeng UV-5R, ambayo mtaani utasikia ikiitwa redio kol kama nyingine zote za aina hiyo. Ina nafasi 128, zenye namba kuanzia 000 hadi 127.

Ukiisoma kumbukumbu yake kwa kompyuta, unakuta kila nafasi imetengewa baiti 16 tu. Nne za mwanzo ni masafa ya kusikilizia, nne zinazofuata ni masafa ya kurushia. Zikimaliza hizo inakuja toni ya kupokea na toni ya kurusha, yaani mlio mdogo unaofungua ripita au redio ya pili, halafu mambo madogomadogo: nguvu kubwa au ndogo, wimbi pana au jembamba, chaneli iingie kwenye skani, pale redio inapozipitia chaneli yenyewe ikitafuta sauti, au irukwe. Megahezi 145.500 imeandikwa humo hivi: 00 00 55 14. Soma jozi hizo kutoka kulia kwenda kushoto, upate 14 55 00 00. Nilipoiona mara ya kwanza niliitazama muda mrefu, maana nilikuwa nikidhani chaneli ni kitu kikubwa kumbe ni tarakimu nane zilizogeuzwa.

Tarakimu hizo hazifutiki hata ukitoa betri mwezi mzima, kwa sababu zimehifadhiwa kwenye chipu inayonasa chaji ndogo za umeme ndani ya tabaka lisilopitisha umeme. Chaji ikishanaswa haihitaji kulishwa. Inakaa hapo miaka na miaka hadi uandike kitu kingine juu yake.

Sasa angalia kisichokuwemo kwenye baiti hizo 16. Hakuna mahali panaposema kwamba chaneli hii ni ya marafiki wa Ujiji na ile ni ya setilaiti. Redio za bei kubwa zina mafungu, unafungua fungu moja kwanza halafu unachagua chaneli ndani yake. Hii ya kwetu haina. Nafasi zote 128 zimesimama kwenye foleni moja, na mshale unapita mtu mmoja mmoja. Ukitaka mafungu, itabidi uyaweke mwenyewe kwa kutumia kitu pekee ambacho redio inakipa, yaani namba.

Skani ndiyo inayoonyesha hasara ya foleni ndefu. Tuseme redio inakagua chaneli tatu kila sekunde. Chaneli 128 zitachukua kama sekunde 43 kumaliza mzunguko mmoja. Mtu anapokuita hatumii sekunde 43. Anataja ishara yake ya wito, anasema anasikiliza, anaachia kitufe. Hiyo ni sekunde nne. Basi uwezekano wa redio yako kuwa juu ya chaneli yake ndani ya sekunde hizo nne ni chini ya mara moja katika kumi. Punguza skani ibaki na chaneli sita, na mzunguko mzima unakwisha kwa sekunde mbili. Hapo hata akikuita kwa ufupi utamnasa.

Watu wengi wakishaamua kupanga, hupanga kwa masafa, kuanzia madogo kwenda makubwa. Kwenye kompyuta orodha inapendeza sana. Nilifanya hivyo nami, nikaiacha baada ya siku chache, kwa sababu mkononi haisaidii chochote. Unaposimama Kibirizi usiku hujiulizi ni masafa gani yanafuata 145.500. Unajiuliza nani yuko karibu na nitamwitaje. Kumbukumbu ipangwe kwa kufuata mahali ulipo na jambo unalotaka kufanya, kama mwenye boti anavyopakia: magunia ya mwisho kushuka yanatangulia chini, na kamba ya nanga haifunikwi na mzigo wowote.

Redio hii ukiwa kwenye hali ya chaneli unaweza kuandika namba tatu moja kwa moja, ikaruka hadi hapo bila mishale. Kwa hiyo kila kumi langu lina kazi yake. Kuanzia 000 ni mawasiliano ya moja kwa moja kati ya redio na redio. Kuanzia 020 ni ripita, kwa siku ninaposafiri kwenda penye ripita. Kuanzia 050 ni setilaiti. Kuanzia 080 ni za kusikiliza tu. Hakuna kumi lililojaa, na nimeacha mapengo kwa makusudi, kwa sababu ukibananisha chaneli leo, kesho ukipata mpya utalazimika kuisogeza foleni yote na vidole vyako vitakuwa vimeshazoea namba za zamani.

Nafasi 001 nimeipa 145.500. Hayo ndiyo masafa ya kuitana kwa sauti kwenye bendi ya mita 2 katika Ukanda wa 1 wa redio duniani, ambao Afrika imo pamoja na Ulaya. Mgeni akitokea Burundi, ambako ishara za wito huanza na 9U, au akivuka kutoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, kwenye 9Q, ataanza kuita hapohapo. Kwenye mpango wa bendi chaneli hii inaitwa V40, na jina hilo lina hesabu yake: unaanza 145.000, unaongeza kilohezi 12.5 mara 40. Ukishaijua hesabu hiyo unaweza kutafuta V yoyote kichwani. Bendi ya sentimita 70 nayo ina mahali pa kuitania, 433.500, nami nimeiweka 002.

Watu wawili waliosimama ufukweni na redio za mkononi, kila mmoja na antena yake usawa wa kichwa, hawategemei kusikilizana zaidi ya kilomita 11 au 12 hivi, kwa sababu dunia imejikunja na mawimbi haya hupenda kwenda mstari ulionyooka. Mmoja wao akipanda kilima kilicho mita 200 juu ya ziwa, umbali unafika kilomita 60 na zaidi. Ndiyo maana hata kumi langu la kwanza nimeligawa: namba za mwanzo ni za nikiwa chini mjini, na kuanzia 006 ni za nikiwa kilimani. Nikiwa chini sina haja ya kuskani chaneli za watu ambao mawimbi yao hayanifikii.

Majina yana mtihani wake. UV-5R inakubali herufi saba tu, na huwezi kuziandika kwa vitufe vya redio yenyewe, lazima utumie kompyuta na waya, kwa programu kama CHIRP ambayo ni ya bure. MWANGA inaingia. UJIJI inaingia, KASULU na UVINZA pia. KIBIRIZI ina herufi nane. Nilijaribu KIBIRIZ, macho yakawa yanakwama mwishoni kila mara. Nikajaribu KIBIRZI, na hiyo ikasomeka papo hapo. Kiswahili kinavumilia kupunguzwa irabu ya katikati kuliko kukatwa mkia. Jambo jingine nililojifunza ni kutoandika masafa kama jina, maana masafa unaweza kuyaona kwenye skrini ukitaka. Jina likuambie kile ambacho skrini haikuambii.

Kuna chaneli ambazo redio inaweza kuzisikia lakini wewe huna ruhusa ya kurusha. Chaneli 16 ya vyombo vya majini, 156.800, ni ya dharura na kuitana, na leseni ya ridhaa haikupi haki ya kuongea hapo. Ukipanga kwa masafa inaangukia jirani kabisa na chaneli zako za kila siku, na kidole kimoja kilichoteleza gizani kinaweza kumfunika mtu anayeomba msaada. Hili nalihofia kuliko yote niliyoyataja. Kwenye CHIRP unaweza kuizuia chaneli isirushe kabisa: programu inajaza FF, alama ya kwamba hapana masafa, kwenye zile baiti nne za kurushia, na hata ukishikilia kitufe redio haitoi kitu. Chaneli zangu zote za 080 ziko hivyo, na hazimo kwenye skani.

Mpangilio mzuri wa kumbukumbu unalipa zaidi pale unapotafuta Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ISS. Kinazunguka dunia kwenye kimo cha takriban kilomita 400, mzunguko mmoja kwa dakika 93 hivi, na kina ripita ya redio za ridhaa. Haiwashwi wakati wote, ila ikiwa hewani unarusha kwenye 145.990 ukiwa na toni ya hezi 67, na unasikiliza kwenye 437.800. Redio yako inabeba yote mawili kwenye nafasi moja, kwa sababu kama tulivyoona masafa ya kusikilizia na ya kurushia yana baiti zake tofauti.

Kikwazo ni mwendo. Kituo kinakwenda zaidi ya kilomita saba kwa sekunde. Umewahi kusimama kando ya barabara ukasikia bodaboda inakuja kwa kasi, mlio uko juu, ikishakupita mlio unashuka? Mwanafizikia wa Austria Christian Doppler aliieleza athari hiyo mwaka 1842, na mawimbi ya redio yanaitii vilevile. Kituo kikichomoza masafa yanakufikia yakiwa yamepanda takriban kilohezi 10, na kikienda kuzama yameshuka kiasi hichohicho. Pita nzima, tangu kituo kichomoze hadi kizame, ni kama dakika 10, na ndani ya muda huo hakuna nafasi ya kuandika tarakimu.

Kwa hiyo nimetenga nafasi tano zinazofuatana. Ya 050 inasikiliza 437.810, ya 051 ni 437.805, ya 052 ndiyo 437.800 yenyewe, ya 053 ni 437.795 na ya 054 ni 437.790. Kurusha ni 145.990 kwenye zote tano, kwa kuwa kwenye bendi ya mita 2 mteleko huo wa masafa hauzidi kilohezi nne, na wimbi la FM linauvumilia. Naanza 050 nikitazama upande kinakotokea. Sauti ikianza kukwaruza, mshale mmoja wa juu. Ikikwaruza tena, mshale mwingine. Sitazami skrini hata kidogo, mkono mmoja unainamisha antena kufuata kituo, dole gumba limekaa kwenye mshale.

Kikiwa juu kinaona duara lenye nusukipenyo cha kilomita 2,200 hivi, na kwa dakika chache Kigoma, Nairobi na Johannesburg zinaweza kuwa ndani ya duara moja. Kituo kinashukia upande wa pili, nafika 053, halafu 054. Sauti zinakuwa nyembamba, zinaingia kwenye mvumo, zinapotea. Baada ya 054 sijaweka chaneli nyingine ya setilaiti, ili dole gumba likipitiliza lijue pita imekwisha.