Msimpime mama: vinasaba si nasaba

Alhamisi iliyopita asubuhi, foleni ya dirisha la maabara ikiwa imeshafika chini ya mwembe, alikuja mzee mmoja wa kutoka vijiji vya Kasulu, amevaa koti na ameshika bahasha ya kaki. Nyuma yake, hatua kama sita hivi, alisimama mama kijana aliyejitanda kitenge mpaka kichwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Nimetumwa na ukoo. Mjukuu wetu amelazwa Mwanza, wanasema ana saratani ya damu, ni ugonjwa wa vinasaba. Tunaomba umpime huyu mama yake tujue kama imetokea kwao. Kwetu haijawahi kuwepo."

Mama alikuwa ameitwa kutoka Mwanza. Amemwacha mtoto wa miaka minne wodini na bibi yake, akapanda basi siku nzima, ili aje atolewe damu ya ushahidi. Hii ni mara ya nne mwaka huu naletewa mama namna hii hapa Kigoma, na mara zote nne ni mama. Hakuna hata siku moja ukoo umeniletea baba.

Mimi si daktari, ni mtu wa maabara. Nilisoma baiolojia ya molekuli, na kazi yangu ya kila siku ni slaidi, FBP (picha kamili ya damu) na vipimo vya malaria. Sikuitoa damu ya yule mama. Mzee alidhani nakataa kwa kuwa hatuna mashine. Hata ningekuwa na kila mashine iliyoko duniani, kosa lililomwangusha mtoto wake lisingeonekana kwenye damu ya mama, kwa sababu halimo humo.

Neno lenyewe ndilo linalotuponza. Kinasaba kimetokana na nasaba, na nasaba ni ukoo. Muuguzi akisema "ugonjwa wa vinasaba", familia inasikia "ugonjwa wa ukoo", na mtu aliyekulia kwenye lugha hii hawezi kusikia vingine. Ongeza na hili: Watanzania wengi wamelijua neno DNA kwa kesi za kugombea mtoto, sampuli zinapopelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ili baba ajulikane. Kwa hiyo DNA kwa wengi ni kipimo cha nani kamzaa nani. Na methali zetu zote zimelalia upande huohuo: mtoto wa nyoka ni nyoka, maji hufuata mkondo. Ndiyo maana mimi siku hizi nasema jeni. Ni neno la kuja, lakini halina ukoo ndani yake.

Nilimweleza yule mzee kwa kitenge, maana mtu wa Kigoma hahitaji kufundishwa kitenge. Jora likitoka kiwandani na kasoro ya rangi, kila nguo itakayokatwa kwenye jora hilo itakuwa na kasoro. Huko ndiko kurithi. Lakini jora likiwa zima, fundi akakata gauni moja vibaya, mkono akaushona kwenye shingo, kasoro iko kwenye gauni lile tu. Ukilirudia jora ulikague inchi kwa inchi, hutaona kitu. Seli mundu ni kasoro ya jora: mtoto amepokea jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama, wote wawili, na ukiwapima wazazi utaikuta. Lukemia ya watoto, yaani hiyo saratani ya damu, kwa sehemu kubwa sana ni kosa la cherehani. Lilitokea ndani ya chembe moja ya mtoto mwenyewe.

Chembe moja. Uboho hutengeneza chembe za damu mabilioni kwa mabilioni kila siku, na kila chembe inapogawanyika lazima inakili DNA yote. DNA hiyo imefungwa katika nyuzi zinazoitwa kromosomu, kila moja na namba yake. Siku moja kromosomu ya 12 inakatika, ya 21 nayo inakatika, vipande vinabadilishana, na jeni inayoitwa ETV6 inajikuta imeshonwa kwenye RUNX1. RUNX1 ikiwa peke yake huiamrisha chembe changa ya damu ikue na kukomaa. Ikishonwa na ETV6 amri inageuka, na chembe inabaki changa. Mshono huo mmoja umeonekana kwa karibu robo ya watoto wenye lukemia ya limfoblasti za B (chembe nyeupe changa za kinga) huko Ulaya na Marekani. Kuna mshono mwingine maarufu zaidi, wa aina nyingine ya lukemia: kromosomu ya Philadelphia, iliyoonekana kwa hadubini na watafiti Nowell na Hungerford mwaka 1960. Mwaka 1973 mtafiti Janet Rowley akaonyesha kwamba ni kipande cha 9 na kipande cha 22 vilivyobadilishana nafasi. Kwa kuujua mshono huo watu walitengeneza dawa ya imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Wagonjwa hao nao hawakuurithi mshono wao.

Sasa nifike panaponikera hasa, yaani pale msomi wa familia, kwa kawaida mjomba mwalimu, anaponiambia: "Lakini mbona mapacha huugua wote? Si ndiyo kurithi kwenyewe?"

Hapana. Mapacha ndio waliotuonyesha kwamba si kurithi. Mwaka 1993 kikundi cha Mel Greaves, mtafiti wa lukemia wa London, kilichunguza mapacha wa kufanana waliougua lukemia wakiwa wachanga, wenye jeni ya KMT2A iliyokatika. Jeni ni ndefu, na mkato unaweza kuangukia maelfu ya sehemu tofauti, kwa hiyo kila mgonjwa ana mkato wake, kama vile mafundi wawili wasivyoweza kuchana kitambaa kwenye uzi uleule. Mapacha wale walikuwa na mkato mmoja, herufi kwa herufi. Ungekuwa wa kurithi, ungeonekana kwa wazazi na mwili mzima wa mtoto. Haukuwepo. Ulikuwa kwenye chembe za lukemia tu. Maelezo yanayobaki ni haya: mkato ulitokea kwa pacha mmoja tumboni, na chembe zake zikavuka kwenda kwa mwenzake kupitia kondo la nyuma wanalochangia.

Mwaka 1997 kikundi hichohicho kilirudi kwenye kadi za matone ya damu ambayo watoto hutobolewa kisiginoni wakizaliwa, zikakaa makabatini miaka. Kwenye kadi za watoto waliokuja kuugua, mkato wa KMT2A ulikuwemo tayari siku chache baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo mtoto anaweza kuzaliwa nao bila kuurithi. Kuzaliwa na kitu ni jambo moja, kurithi ni jambo lingine, na Kiswahili chetu cha kila siku hukunja yote mawili katika "amezaliwa nao, basi umetoka kwa mama". Tumbo ni la mama, ndiyo. Mkato ni wa chembe ya mtoto.

Na mshono wa ETV6 peke yake hautoshi kuleta ugonjwa. Pacha mmoja akiugua lukemia ya mshono huu, mwenzake huugua kama mara moja katika kumi tu, ingawa chembe zenye mshono anazo. Lazima kosa la pili litokee baadaye. Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mara nyingi kosa hilo la pili hufanywa na RAG, vimeng'enya ambavyo chembe nyeupe changa hutumia kihalali kukata na kuunga jeni zake ili zitengeneze kingamwili. Mkasi wa fundi uleule, umekata pasipopaswa. Yule mtoto wa miaka minne mwili wake ulikuwa kazini, unajenga kinga.

Yapo ya kurithi kweli, na siwezi kuyaficha ili hoja yangu ipendeze. Retinoblastoma, ile saratani ya jicho inayoonekana kama mng'ao mweupe kwenye mboni, ina jeni ya kurithika kwa takriban watoto 4 kati ya 10. Na hata hapo wengi ni wa kwanza kabisa katika ukoo wao. Mwaka 2015 watafiti Marekani walipima watoto 1,120 wenye saratani mbalimbali. Waliokutwa na jeni yenye kasoro ya tangu kutungwa mimba walikuwa asilimia 8.5, na kwa wenye lukemia asilimia 4.4. Kwa hiyo kama kweli kuna sababu ya kupima familia, kama ndugu watatu wenye saratani tofauti wangali vijana, hiyo kazi ifanywe, kwa wazazi wote wawili. Burkitt, uvimbe wa taya tunaouona sana kanda hii ya malaria, ni mkato wa kromosomu ya 8 pamoja na kirusi cha Epstein-Barr kilichogunduliwa mwaka 1964. Nao si wa ukoo.

Kinachoniuma zaidi ni muda unaopotea. Kigoma mtoto akiwa na homa anapimwa malaria, na kipimo cha haraka kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya vimelea kwisha, maana kinasoma protini iliyobaki kwenye damu. Mtoto anatibiwa malaria mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku amepauka na ana michubuko miguuni. Mtu akipaka slaidi ndipo anaona: chembe kubwa, kiini cha zambarau kimeijaza karibu yote, pembeni umebaki ukingo wa bluu mwembamba kama ncha ya ukucha. Hizo ni blasti, chembe changa za lukemia. Mimi mwenyewe niliwahi kuziandika kama limfosaiti, chembe nyeupe za kawaida, za maambukizi ya virusi, nikamrudisha mtoto nyumbani, akarejea baada ya siku kumi na mbili. Tangu hapo slaidi ya mtoto aliyepauka naitazama mara mbili, kisha namwita mwenzangu aitazame.

Wala sayansi yenyewe haijamaliza. Ilisemwa kwamba mtoto mmoja kati ya mia huzaliwa na mshono wa ETV6. Vipimo vya baadaye vimeleta namba tofauti, na mabishano yanaendelea. Greaves anadai kosa la pili husukumwa na maambukizi yanayochelewa kumfikia mtoto aliyelelewa kwenye usafi mwingi. Nikiwatazama watoto wa hapa, wanaoumwa hiki na kile kabla ya kutimiza mwaka, najiuliza kama lukemia kwetu ni chache kweli au watoto hufa kwa jina la malaria.

Shaka yangu nyingine haimo kitabuni. Ninapowaambia watu kwamba hakuna aliyekosea, naacha nafasi wazi, na nafasi wazi hujazwa. Nimeshaona mama akiondolewa lawama, kisha ikahamia kwa jirani mwenye macho mekundu. Sijui bado niseme nini ili isihamie popote.

Yule mzee nilimchorea nyuma ya fomu ya maabara: jora moja, magauni manne, moja limeshonwa vibaya. Akalitazama muda mrefu. Akauliza, "Na hawa wadogo zake watatu?" Nikamwambia si mapacha wa huyu, kila mmoja ni gauni lake, na hatari yao imepanda kidogo mno juu ya kitu ambacho tangu mwanzo ni nadra. Akaikunja karatasi mara mbili akaitia kwenye mfuko wa koti. Kisha akageuka na, kwa mara ya kwanza tangu wafike, akasema na yule mama moja kwa moja: "Mama, basi la Mwanza linaondoka saa ngapi?"