Dreamcast ilizaliwa na madeni ya Saturn

Juzi jamaa kaniletea Dreamcast, mashine ya gemu ya kampuni ya Sega, ya mjomba wake alirudi nayo kutoka Uingereza miaka hiyo, anasema ukiwa katikati ya gemu inarudi mwanzo yenyewe, na kila akiiwasha inamuuliza tarehe upya kama ndo kwanza wanaonana. Nikafurahi kweli, maana kazi zangu nyingi ni PS za vibandani, padi zilizokufa na lenzi zilizochoka, hii mashine naipata kwa nadra sana.

Ugonjwa wa kwanza ni mdogo, zile pini zinazopeleka umeme toka pawa saplai kwenda kwenye bodi zinashika uchafu na baada ya muda zinakuwa hazigusi vizuri, unazifuta na spiriti unairudisha imeisha. Wa pili ni betri ya saa. Sega waliilehemu moja kwa moja kwenye kile kibodi kidogo cha mbele kinachochomekwa padi, kwaiyo ikifa huwezi kuitoa na kucha, na ikishakufa saa inarudi kwenye siku moja ileile, 27 Novemba 1998. Ndo siku Dreamcast iliyoingia sokoni Japani.

Jamaa akaiangalia ile tarehe kwenye tivii akaniuliza, "Fundi, mashine kali hivi, mbona ilikufa haraka?" Nikamwambia kaa hapo kwenye kiti. Watu wengi watakwambia iliuliwa na PS2, na ni kweli ilimalizwa na PS2, ila mi naona ilishaanza kuumwa miaka minne kabla haijauzwa hata moja.

Nina bodi ya Saturn, mashine ya Sega iliyoitangulia Dreamcast, nimeiweka kwa ajili ya spea, nikamtolea nikaiweka pembeni ya ile ya Dreamcast. We mwenyewe hata kama si fundi utaona tofauti. Ya Saturn chipu zimejazana kama abiria wa daladala saa 12 jioni: prosesa mbili kubwa za Hitachi zinazoitwa SH-2, chipu mbili za picha, kuna prosesa nyingine ya kuhudumia CD tu, na ya sauti ina prosesa yake pia. Zile SH-2 mbili zinatumia njia moja kwenda kwenye memori, yaani mmoja akipita mwenzake anasubiri, sasa mtengeneza gemu akiandika programu bila akili ya ziada anaishia kutumia moja tu nyingine imekaa. Halafu Saturn ilikuwa inachora vitu kwa vipande vya pembe nne wakati wenzao wengi wanaenda na pembetatu. Kwaiyo gemu lilelile kwenye PlayStation linatengenezwa kwa raha, kwenye Saturn ni jasho, na bodi yenye chipu nyingi hivyo huwezi kushusha bei yake kirahisi, wakati PlayStation ya Sony 1997 ilishafika dola 149 Marekani.

Ila bodi mbaya inasameheka. Kilichowaharibia zaidi ni tabia.

Novemba 1994 Saturn inatoka Japani, mwezi huohuo Marekani Sega haohao wanauza 32X, kidude cha kuchomeka juu ya Mega Drive, mashine yao ya kabla ya Saturn, ili iwe na nguvu zaidi, dola 159. Mtu kanunua, hajamaliza hata mwaka, anaambiwa hiyo imekwisha nunua Saturn. Af Mei 1995, kwenye maonyesho ya gemu ya E3, Sega ya Marekani walikuwa wameshatangaza kwamba Saturn inatoka Septemba, wakasimama jukwaani wakasema imeshaingia madukani leo, dola 399. Walidhani wanamfanyia Sony sapraizi. Ila mzigo ulienda kwa maduka machache tu, waliobaki wamesikia kama wewe na mimi, na KB Toys, wenye maduka ya midoli, walikasirika wakagoma kuiuza kabisa. Watengeneza gemu wa nje nao walikuwa wanapanga kazi zao za Septemba, kwaiyo mashine ikakaa sokoni haina gemu za kutosha. Siku hiyohiyo mtu wa Sony, Steve Race, akapanda jukwaani akataja bei yao, 299, akashuka. Hotuba imeisha hapo.

Kuna duka moja la spea liliniuzia lenzi mbovu mara mbili, mara ya tatu wakaniambia sasa tumeleta orijino kabisa. Inawezekana ilikuwa orijino kweli. Sikwenda kuangalia. Ndo hali aliyokuwa nayo mwenye duka la Marekani Sega waliporudi kumwambia tuna mashine mpya.

Na hiyo mpya ilivyotengenezwa nayo ni kesi. Sega walikuwa na timu mbili zinashindana, ya Japani chini ya Hideki Sato na nyingine ya upande wa Marekani iliyokuwa inafanya kazi na chipu za kampuni ya 3dfx. Mwaka 1997, 3dfx wanajiandaa kuingia soko la hisa, kisheria wakalazimika kuandika mikataba yao, na ule wa Sega ukawa hadharani dunia nzima inasoma. Baadaye Sega wakaenda na timu ya Japani, prosesa ya SH-4 na chipu ya picha ya PowerVR iliyotengenezwa na NEC. 3dfx wakaenda mahakamani. Kiufundi mi naona walichagua vizuri tu, SH-4 moja, chipu moja ya picha, moja ya sauti ya Yamaha, bodi safi unaisoma kama gazeti. Lakini unajiandaa na uzinduzi huku una kesi, na NEC nao walishindwa kuzitoa zile chipu za kutosha, ikabidi Sega wasimamishe kupokea oda za awali Japani. Wateja wapo, hela wanayo, mzigo hakuna. Gemu zenyewe siku ya kwanza zilikuwa nne, gemu lao kubwa la Sonic likachelewa mpaka Desemba.

Huku Marekani bosi wao Bernie Stolar, ambaye alitokea Sony, alishasema 1997 kwamba Saturn sio mustakabali wao. Alikuwa sahihi, ila fikiria wewe ni mtengeneza gemu una kazi ya Saturn nusu nusu, ukasikia mwenye mali anaizika mwenyewe, unaendelea? Maduka yakaanza kuondoa Saturn kwenye shelfu na Dreamcast Marekani ilikuja kufika 9 Septemba 1999. Kipindi chote hicho katikati Sega haina kitu cha maana cha kuuza pale. Na mwaka wa hesabu ulioisha Machi 1998 ikapata hasara ya kwanza tangu iingie soko la hisa Tokyo 1988.

Af kuna EA. Hawa ni kampuni ya gemu, ndo waliokuwa wanatoa Madden na FIFA, na wakati wa Mega Drive walikula na Sega sahani moja. Kwa Dreamcast hawakutoa gemu hata moja. Stolar alikuja kusimulia baadaye kwamba EA walitaka gemu za michezo wauze wao peke yao, na yeye alishanunua studio ya Visual Concepts kwa kazi hiyohiyo. Wale Visual Concepts waliwapa NFL 2K na NBA 2K, kazi nzuri sana, hiyo NBA 2K mpaka leo vijana wanacheza. Ila mteja, mwenzangu, alikuwa akiingia dukani anauliza FIFA.

Kuhusu DVD, jamaa aliniuliza mbona hawakuweka. Bei. Walitumia GD-ROM, diski inayobeba kama GB 1, ya bei nafuu, na hela nyingine ikaenda kwenye modemu kwa sababu mkubwa wao Isao Okawa aling'ang'ania mashine iende na intaneti. Ile modemu inachomoka pembeni kama kaseti, nikamwonyesha. Sasa Machi 1999 Sony wakatangaza PS2, inasoma DVD, inacheza na gemu za PS ya kwanza, inatoka mwaka unaofuata. Haijafika hata dukani tayari inawazuia watu kununua Dreamcast. Ukichanganya na wale waliochomwa na 32X na Saturn, kusubiri mwaka mmoja kwao ilikuwa akili tu.

Stolar mwenyewe walimfukuza Agosti 1999, wiki chache kabla ya uzinduzi wa Marekani ambao yeye ndo aliupanga. Peter Moore akashika usukani wa uzinduzi, ikauzwa dola 199, siku ya kwanza zikaingia zaidi ya dola milioni 98 pamoja na gemu. Rekodi. Na bado Januari 2001 wakatangaza kwamba wanaacha kutengeneza konsoli, Okawa akiwa ameshaanza kuiwekea kampuni hela zake za mfukoni.

Jamaa akanyamaza kidogo af akauliza kama ile betri mpya nayo italehemiwa. Hapana, nimemwekea kishikio, ikifa atabadilisha mwenyewe, ila atafute ya kuchaji maana ile sakiti inachaji, asiweke ya kawaida ya saa ikaja kumvujia. Na ule mlio Dreamcast inaoutoa ikiwashwa unatoka kwenye memori kadi yenye kioo, betri zake ndogo mbili zimekufa, huo sio ugonjwa. Aje Jumamosi.